Sala Ndefu kwenye Msingi wa Pampu

Siku ya maziko, kila aliyepewa nafasi ya kusema alisema kwamba marehemu hakuwahi kumwaga zege likakataliwa. Walisema kwa machozi, na angalau wawili kati yao walikuwepo siku zege lake lilipokataliwa, tena mmoja ndiye aliyebeba nyundo ya kulivunjia. Lakini ndivyo misiba ilivyo. Mtu akishalala sandukuni, hata kukoroma kwake kunakumbukwa kama wimbo. Mungu, ambaye marehemu alimpigia kelele maisha yake yote, anaijua habari nzima na tunaamini amempokea hivyo hivyo. Basi si vibaya waliobaki nao wakaijua.

Kazini walimwita Mzee Tuombe. Alikuwa msimamizi wa zege katika kampuni iliyojenga vitu ambavyo hakuna mtu anayevipiga picha: misingi ya pampu, nguzo za kubebea mabomba, sakafu za karakana, na zile kuta nene zinazozunguka matenki ya mafuta ili siku tenki likipasuka mafuta yabaki humo humo, yasiende kuwasalimia majirani. Ukipita nje ya kiwanda cha kusafisha mafuta unaona matenki yanang'aa, unaona moto juu ya bomba refu, unasema wanadamu wana akili. Zege lililobeba vyote hivyo hulioni, maana liko chini na kazi yake ni kukaa kimya. Mzee Tuombe alitumia maisha yake kutengeneza kitu cha kukaa kimya, yeye ambaye hakujaliwa kukaa kimya hata akiwa na kijiko mdomoni.

Alianza ujana wake akibeba ndoo za maji ya kuchanganyia. Akapanda hadi kushika mwiko, akapanda tena hadi kushika vaibreta, ile mashine ya kulitetemesha zege lishuke vizuri katikati ya nondo, na mwisho akapewa kofia ngumu ya rangi nyingine pamoja na haki ya kufoka. Aliitumia haki hiyo vizuri kuliko kofia.

Sala ilianza kwa sababu njema, kama yanavyoanza mambo mengi yanayokuja kuharibika. Asubuhi moja walikuwa wanamwaga ukuta mrefu, na fundi mmoja alikuwa amepata habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Mzee akawaita wote kando wamwombee mama wa mwenzao. Wakiwa wameinamisha vichwa, mbao zilizokuwa zimezuia zege bichi zikaachia, na zege likamwagika lote pale walipokuwa wamesimama muda mfupi kabla. Hakuna aliyeumia. Watu wazima wenye ndevu walikaa chini wakalia, na hapo hakuna wa kumcheka mtu. Tangu siku ile, Mzee alisema, hamwagi zege bila sala.

Mtu wa usalama hakuamini kitu chochote duniani isipokuwa vizibao vinavyong'aa, lakini alikubali haraka, kwa sababu sala ilimwezesha kuripoti kwamba mkutano wa usalama umefanyika. Sala ikapata baraka za kampuni, na kitu kikishapata baraka za kampuni huanza kunenepa. Mwanzoni iliombea mikono ya mafundi. Ikaongezeka miguu. Zikaingia mashine, kila moja kwa kazi yake, kisha mameneja kwa vyeo vyao, kisha wagonjwa wa kanisani kwake kwa magonjwa yao, na hata jirani yake mwenye mbwa, ambaye kwa kweli hakuombewa bali alishtakiwa.

Mzee akapata na mafundisho. Alisema zege lililoombewa halipasuki. Mkewe alipomwonyesha ufa uliotoka mlangoni kwao hadi chini ya kabati la sebuleni, alimjibu kwamba sakafu ile aliimwaga kabla hajaokoka.

Sasa, Mzee huyu alikuwa na binti mmoja, kitinda mimba wake, na alikuwa amempangia kuolewa na mchungaji, au ikishindikana kabisa, na mhasibu. Binti akamletea dereva wa gari la zege, lile lenye pipa kubwa linalozunguka mgongoni. Tena si dereva wa mbali. Ni yule yule aliyemwona kila siku akitafuna karanga juu ya usukani. Mzee aliisimamia harusi kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino, na baada ya hapo hakukanyaga nyumbani kwa mkwewe. Alisema magoti yake hayawezi ngazi za ghorofa ile. Magoti hayo hayo yalipanda ngazi za matenki ya mafuta kila wiki bila malalamiko.

Dereva naye alikuwa amelelewa na bibi yake, na bibi alimjaza adabu mpaka ikamwagika. Alifundishwa kwamba baba mkwe hatazamwi machoni, hakatizwi anapozungumza, wala haitwi kwa sauti. Kwa hiyo pale kazini, akitaka kumwambia Mzee kwamba zege limefika, alimwambia fundi wa vaibreta, na fundi wa vaibreta akamwambia Mzee, ingawa wote watatu walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kuazimana kijiti cha meno. Mzee naye alijibu kupitia njia hiyo hiyo, akiona ndiyo heshima. Mafundi walicheka pembeni, lakini hakuna aliyedhani siku moja adabu itavunja msingi.

Msingi wenyewe ulikuwa wa pampu kubwa ya kusukuma mafuta kutoka kwenye matenki. Pampu ya namna hiyo ni kama mgeni mkorofi. Ukiikalisha juu ya msingi dhaifu inatikisika, ikitikisika inachokoa maungio ya mabomba, na mafuta yakianza kuvuja mahali pale hakuna tena mkutano wa usalama, kuna mazishi. Ndiyo maana Injinia, dada mmoja kijana mwenye maneno machache, aliukagua nondo kwa nondo kabla ya kuruhusu zege, kisha akaenda upande wa pili kukagua ukuta wa matenki.

Siku hiyo walikuja wageni, wenye mradi, wamevaa viatu vya usalama vipya vilivyowabana hata wakatembea kama kuku aliyekanyaga lami ya moto. Mzee alipowaona, kifua kikajaa. Mafundi wake walikuwa wameshamsikia akiomba mara nyingi, na baadhi yao walikuwa wamejifunza kusinzia wima. Hawa walikuwa masikio mapya.

Gari la zege lilikuwa limecheleweshwa getini. Walinzi walikagua bomba la moshi kama lina kizuia cheche, wakachukua simu ya Dereva, wakachukua kiberiti ambacho hakuwa nacho, wakachungulia chini ya kiti. Jua lilikuwa la kuchoma. Gari lilipofika kwenye msingi, pipa likizunguka, Mzee alikuwa ndiyo kwanza amevua kofia na kusema, "Tuombe."

Dereva akashuka, akavua yake, akainama.

Mzee aliomba. Alimshukuru Mungu kwa saruji, akamshukuru kwa kokoto, akamkumbusha kwamba mchanga ni mali yake tangu uumbaji. Akawaombea wageni safari zao, familia zao na maamuzi yao. Mmoja wa wageni akaitikia amina kwa nguvu, na hilo lilikuwa kosa kubwa, maana Mzee alilichukua kama ombi la kuendelea.

Dereva mzoefu husikia zege kwa masikio. Likiwa bado laini linavuma ndani ya pipa kama maji mtungini. Likianza kukaza linagonga. Dereva alisikia linaanza kugonga. Akamsogelea fundi wa vaibreta, akamnong'oneza kwamba zege linakaza, akamwambie Mzee.

"Nimkatize anaomba? Nenda wewe."

"Mimi? Yule baba mkwe wangu."

"Si ndiyo maana. Atakusamehe, ni ndugu."

"Humjui."

Mzee wakati huo alikuwa ameingia kwa wagonjwa, na kwa bahati mbaya msimu ule kanisa lilikuwa na wagonjwa wengi. Dereva alitazama jua, akatazama pipa. Angeweza kugeuza gari na kulirudisha zege lote, na hivyo ndivyo kanuni inavyosema. Lakini kuondoka na gari katikati ya sala ya baba mkwe, mbele ya wageni wake? Kila gari la zege lina tangi dogo la maji ya kuoshea pipa baada ya kazi. Maji hayo ni ya kuoshea tu, maana yakiingia kwenye zege hulilainisha na kulidhoofisha. Kila dereva analijua hilo, na kila dereva anajua pia koki yake inafunguka upande gani. Dereva alizunguka nyuma ya gari, akafungua koki. Pipa likaacha kugonga.

Baada ya amina, zege likateremka laini kama uji wa mgonjwa. Hata mtu wa maabara alipolipima ulaini na kujaza sampuli zake aliona liko sawa. Mzee akawageukia wageni, akawaambia watazame wenyewe jinsi zege lililoombewa linavyotii. Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akapiga picha.

Sampuli za zege ni vibonge vya mchemraba vinavyopelekwa maabara, vinabanwa na mashine mpaka vipasuke, ili ijulikane zege lina nguvu kiasi gani. Siku zao zilipotimia, vibonge vya msingi wa pampu vilipasuka kama biskuti. Injinia akaagiza msingi wenyewe utobolewe, kipande kitolewe ndani kikapimwe. Nacho kikaaibika. Akasema msingi uvunjwe wote, na akauliza nani aliongeza maji.

Dereva alinyoosha mkono palepale. Aliulizwa kwa nini. Akasema tu kwamba koki aliifungua yeye. Mkuu wa magari, bwana mmoja mwenye kitambi na hasira za kuazima, akasema mtu anayetia maji kwenye zege la kiwanda cha mafuta ni muuaji anayesubiri nafasi, na kwamba kesho yake asubuhi Dereva angefika ofisini kukabidhi funguo na kuondoka. Na kwa kweli, maneno hayo hayakuwa ya uongo.

Mzee Tuombe alikasirika kuliko wote. Msingi wake kuvunjwa, mbele ya watu walioona picha! Jioni ile mezani aliwahubiria mkewe na sahani zake. Alisema alijua toka mwanzo. Alisema mtu anayetafuna karanga kazini hawezi kuwa na hofu ya Mungu. Alisema maji yale ni dhambi iliyoyeyuka. Mkewe aliendelea kula, kwa sababu aliolewa naye zamani.

Hapo ndipo binti yao alipoingia, na tumbo lake la miezi ya mwisho likitangulia. Alikuwa amepanda teksi ya pikipiki, jambo ambalo mama yake alitaka kulipigia kelele, lakini alipouona uso wake akaacha. Binti hakukaa. Alimsalimu baba yake shikamoo kama kawaida, akaitikiwa marahaba, kisha akamwambia kwamba mume wake amerudi nyumbani, amekaa kitandani, hataki kusema kitu. Habari nzima ameipata kwa fundi wa vaibreta.

"Baba, zege lilikaza likikusubiri wewe."

Mzee alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kushika. Akauliza, kama kulikuwa na shida, huyo mumewe alikosa mdomo?

"Mdomo anao. Ulitaka afanye nini, akwambie wewe amina kabla hujamaliza? Si wewe uliyesema hapa hapa kwamba angalau ana adabu, hilo tu ndilo zuri lake?"

Alikuwa amelisema kweli. Alilisema siku ya posa, kama mtu anayetoa sadaka ya sarafu iliyotoboka.

"Kesho anafukuzwa," binti akasema. "Na hatakutaja, Baba. Hata akiulizwa mpaka usiku. Mimi nakwambia tu ujue." Akageuka, akaondoka, na mama yake akamfuata mpaka barabarani.

Mzee alibaki na sahani. Alijitetea kwanza kwa Maandiko, maana aliyajua mengi. Sala haiwezi kuharibu kitu. Hilo alikuwa na hakika nalo, na alikuwa sahihi. Maji ndiyo yaliyoharibu, na maji hakuyatia yeye. Hapo pia alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi kila upande, na bado akaisukuma sahani kando. Akapiga magoti kando ya kiti ili aulize. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikosa la kusema baada ya "Ee Mungu", na katika ukimya ule, ambao hakuuzoea, alikumbuka vizuri mahali alipokuwa amefikia katika ile sala mgeni alipoitikia amina. Alikuwa amemaliza. Alichokuwa nacho cha kumwambia Mungu kilikuwa kimekwisha kabisa. Yaliyofuata hayakuwa ya Mungu.

Na akajua pia kitakachotokea akilisema hilo. Usimamizi angeupoteza. Kanisani wangelisikia kabla ya Jumapili. Na yale mafundisho yake kuhusu zege lililoombewa yangekuwa kichekesho cha kila karakana mpaka kiama. Akabaki pale chini, na magoti yake, safari hii kwa haki, yakamuuma.

Ofisi ya Injinia ilikuwa kontena lenye kiyoyozi kilichonguruma kama trekta na kupoza kama ahadi. Asubuhi ile mkuu wa magari alikuwa ameketi, Dereva amesimama, funguo ziko mezani. Mzee aliingia bila kubisha hodi. Alifungua mdomo, na wote wakaona neno lililotaka kutoka, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshaanza kuinama. Akalimeza.

"Sema tu, Mzee," Injinia akamwambia.

"Gari lilifika zege likiwa zima. Mimi ndiye niliyelichelewesha. Nilikuwa naomba."

Mkuu wa magari akauliza, kwa hiyo sala ndiyo imeharibu msingi?

"Sala haina kosa. Mungu alishanisikia mwanzoni kabisa. Niliendelea kwa ajili ya wageni." Akavua kofia yake ya usimamizi, akaiweka mezani karibu na funguo. "Huyu kijana alishindwa kunikatiza kwa sababu ni mkwe wangu, na ameshindwa kuwaambia kwa sababu hiyo hiyo. Mkimfukuza yeye, mnafukuza adabu niliyomdai mimi mwenyewe."

Injinia alimgeukia Dereva, akamuuliza kama ni kweli. Dereva alitazama sakafu ya kontena.

"Siwezi kulijibu hilo," alisema. "Baba yupo hapa."

Mkuu wa magari alicheka, kisha akagundua amecheka peke yake. Injinia hakutoa hotuba. Alisema kosa la Dereva ni kosa, na gari lililokaza linarudishwa hata kama anayeomba ni malaika. Atasimamishwa kuendesha mpaka msingi huu uvunjwe wote, halafu arudi kwenye usukani. Kosa la Mzee nalo ni kosa. Usimamizi wa zege ataupata mtu mwingine, na yeye atabaki kama fundi. Kuhusu msingi, aliyeuharibu auvunje. Wako wawili, watasaidiana.

Watu wanaodhani zege lililofeli ni laini wawaulize hao wawili. Lilifeli mbele ya mashine ya maabara, lakini mbele ya nyundo lilikumbuka ghafla kwamba ni zege. Mzee na mkwewe walivunja kwa zamu, vumbi likawapaka wote rangi moja. Siku za mwanzo walitumiana ujumbe kupitia fundi wa vaibreta kama kawaida, mpaka fundi huyo akachoka na kuwaambia yeye si posta. Basi ikawabidi. Neno la kwanza Dereva alilomwambia baba mkwe wake ana kwa ana tangu harusi lilikuwa kwamba asogeze mguu. Mzee akausogeza, na nyundo ikatua pale ulipokuwa. Baada ya hapo wakawa wanazungumza kidogo kidogo, kuhusu nondo, kuhusu mgongo, na Ijumaa moja kuhusu mtoto aliyekuwa anakuja na kwamba ghorofa ile kumbe haina ngazi nyingi sana.

Kanisani walisikia, bila shaka. Kuna mama mmoja aliyemwuliza mlangoni kama wiki hiyo amevunja kingine. Mzee alimjibu kwamba bado, anasubiri aiombee nyumba ya mama huyo kwanza.

Siku ya kumwaga msingi mpya hakukuwa na wageni. Dereva alileta gari, jua lilikuwa kali vilevile. Msimamizi mpya, ambaye alikuwa kijana wa Mzee kikazi na alimwonea haya, akasema ingawa mambo yamebadilika, sala ni ile ile, na mwenye sala yupo. Injinia alikuwa amesimama karibu kabisa safari hii, mikono nyuma. Mzee akavua kofia, ile ya rangi ya kawaida.

Alianza vizuri. Aliomba mikono, akaomba miguu. Lakini mazoea ni ngozi ya pili. Zikaingia mashine. Akavuta pumzi, na kila aliyemjua alijua pumzi ile ni ya kuwaendea mameneja.

"Baba," Dereva akasema kutoka kwenye ngazi ya gari, kwa sauti ya mtu mzima, mbele ya watu wote. "Amina."

Fundi wa vaibreta alifumba macho tena, kwa hofu sasa. Mzee alifungua jicho moja, akamtazama mkwe wake, naye mkwe, bibi yake amsamehe, akamtazama machoni.

"Amina," Mzee akasema. "Mwaga."

Likateremka zito na zuri, likakaa. Pampu iko juu yake hadi leo, inasukuma mafuta, haitikisiki, na hakuna anayejua kuna nini chini yake, kama ilivyo kawaida ya msingi.

Jioni ile Mzee alirudi akiwa amekaa kiti cha mbele cha gari la zege, kinyume na kanuni zote za mtu wa usalama. Walikuwa wanaelekea kwenye ile ghorofa, kwenda kumwona mtoto aliyekuwa amezaliwa. Njia nzima, anasimulia Dereva, Mzee alimlaumu kwa utovu wa adabu. Alisema hajapata kuona mkwe wa namna hiyo. Alisema kizazi hiki kimekwisha. Na katikati ya kulaumu alinyoosha mkono kwenye dashibodi bila kuomba ruhusa, akachota karanga, akaendelea kulaumu mdomo umejaa.